Sindano na Uzi: Mafundi Wawajibu Wanaoshona Usiku

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaoshona na kufuma baada ya kazi nyingine zote: vyombo vimeshaoshwa, mtoto wa mwisho amelala, na imebaki nusu saa kabla usingizi haujamchukua mwenyewe. Tumejibu kwa vipimo na hatua. Anayeshona vipande vipande vya muda hana nafasi ya kufumua.

Nina watoto watatu na nafanya kazi ya zamu hospitalini. Kila nikianza gauni la binti yangu wa miaka sita, wiki tatu zinapita vipande vikiwa kwenye mfuko, na nikivirudia sijui kipi cha mbele, kipi cha nyuma. Nifanyeje nimalize?
*Mama wa watatu, Mbale*

Mama, nusu saa kwa usiku inatosha kumaliza gauni la mtoto, mradi kila kikao kiishie mahali ambapo kazi ikilala haiharibiki.

Kukata kusiingie katika hizo nusu saa. Tafuta mchana mmoja ukate kila kitu: mbele, nyuma mbili, mikono, kitambaa cha ndani cha shingo, na sketi. Taa hudanganya rangi na mwelekeo wa maua, na kipande kilichosahaulika siku ya kukata ndicho kitakachosimamisha kazi baadaye. Kwa mtoto wa miaka 6 mwenye kifua cha sentimita 62 hivi, yadi moja na nusu ya kitenge chenye upana wa sentimita 112 inatosha. Sketi ni mkato mmoja wa upana wote, urefu wa sentimita 45 pamoja na pindo. Upana huo ni kama mara mbili ya kiuno chake, kipimo kinachofaa kwa marinda ya kuvuta. Mbele na nyuma za sehemu ya juu hukaa ubavu kwa ubavu katika sentimita 35 zinazofuata, na kilichobaki ni cha mikono na shingo. Kama kitenge kina ndege au mapambo makubwa yenye juu na chini, nunua nusu yadi zaidi, maana hutaweza kugeuza vipande ili kubana nafasi.

Kabla hujanyanyua vipande mezani, andika kwa chaki upande wa ndani wa kila kimoja: M, N, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Weka vyote katika mfuko mmoja pamoja na uzi, zipu ya sentimita 30 na bobini mbili (vigurudumu vya uzi wa chini) zilizokwisha jazwa. Magauni mengi hayamaliziki kwa sababu ya zipu ambayo haijanunuliwa.

Kikao cha kwanza: mabega na shingo. Cha pili: mikono, ukiishona nguo ikiwa imelala wazi, kabla ya kufunga mbavu. Kuingiza mkono kwenye tundu lililokwisha fungwa ni kazi ya mtu mwenye utulivu wa saa nzima, na kwenye nguo ya mtoto tofauti haionekani. Cha tatu: mshono mmoja mrefu, kutoka ncha ya mkono, kupitia kwapani, hadi kiunoni, pande zote mbili.

Cha nne ni marinda, na kiunoni ndiko wengi wanakokwama. Ukiacha nafasi ya mshono ya milimita 15, piga mistari miwili ya mshono mrefu kabisa unaotolewa na cherehani yako, mmoja milimita 6 kutoka ukingoni, wa pili milimita 12. Usirudishe nyuma mwanzoni wala mwishoni. Vuta nyuzi za chini, zile za bobini, ukianzia upande mmoja hadi katikati, kisha upande wa pili. Mstari mmoja peke yake hukatika ukiuvuta, tena marinda hujilaza upande mmoja yanapopita chini ya sindano. Usiku huohuo shona sketi kwenye kiuno. Vikao viwili vya mwisho ni zipu pamoja na mshono wa nyuma, halafu pindo, ambalo unaweza kulishona kwa mkono ukisikiliza masomo ya watoto.

Mahali pabaya pa kuachia ni pawili: mkono ulioshonwa nusu, na marinda yaliyovutwa bila kushonewa. Asubuhi yote yatakuwa yamehama. Ukiona dakika hazitoshi kumaliza hatua, usiianze. Piga pasi au jaza bobini. Na usilaze pini kwenye kitambaa. Zikishika unyevu hupata kutu, doa la kutu halitoki kwa sabuni ya kawaida, na mtoto anayetambaa ataiona pini kabla yako.

Lazima nioshe kitenge kipya kabla ya kukata? Dada yangu anasema nikiloweke kwenye chumvi ili rangi isitoke.
*Msomaji wa Arua*

Kama ni cha pamba, kioshe. Pamba hupungua, na hupungua zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Kikipungua asilimia 4 tu, gauni la sentimita 120 limepoteza karibu sentimita 5, na zipu, ambayo yenyewe haipungui, itaanza kujikunja mgongoni. Loweka nusu saa katika maji yenye sabuni kidogo, suuza, anika kivulini, kipige pasi kikiwa na unyevunyevu. Bitana ya pamba nayo ioshwe vivyo hivyo.

Chumvi haizuii rangi ya kitambaa kilichokwisha tiwa rangi kiwandani, na siki vilevile. Kinachosaidia ni kusuuza hadi maji yawe safi na kukifua peke yake mara za mwanzo. Kikiendelea kutoa rangi baada ya kufuliwa mara nne au tano, usikiunganishe na kitambaa cheupe.

Cherehani yangu ya miguu inaruka mishono nikishona kaki ya sare za shule, na upande wa chini uzi unajikusanya fundo. Nimezungusha skrubu ya uzi mpaka nimechoka.
*Kijana anayejifunza ufundi, Kasese*

Iache skrubu kwanza, ndugu. Una matatizo mawili, na kila moja lina chanzo chake.

Uzi unaojikusanya chini karibu kila mara ni kosa la uzi wa juu. Watu hutia uzi mguu unaokanyaga kitambaa ukiwa chini. Wakati huo visahani vya kukaza uzi vimebanana, uzi unabaki juu yake badala ya kuingia katikati, na hakuna kinachoukaza. Toa uzi wote. Inua mguu. Tia uzi upya kwa mpangilio wake, uhakikishe umepita kwenye ule mkono unaopanda na kushuka. Shika ncha zote mbili za uzi, ya juu na ya chini, kwa mishono mitatu ya mwanzo. Halafu angalia miguu yako: gurudumu la juu lazima lizunguke kuja upande wako. Kwenye cherehani ya miguu ni rahisi kuanza kinyumenyume, hasa ukiwa mgeni, na mzunguko mmoja wa nyuma unatosha kusokota uzi ndani ya kasha la bobini au kuukata.

Mishono inayoruka mara nyingi ni sindano. Kwa kaki tumia namba 16, ambayo pakiti nyingine huiandika 100. Kwa kitenge 14 (90), kwa vitambaa vyepesi 11 (75). Sindano nyembamba hupinda kidogo inapopenya kaki, ikapita mbali na ndoana inayopaswa kunasa uzi, na mshono hapo haufungwi. Isukume sindano hadi juu kabisa kabla ya kukaza. Mfereji wake mrefu uelekee upande ambao uzi unaingilia, ubapa wa shina uwe upande wa pili. Ncha ipitishe juu ya ukucha: ikikwaruza, itupe. Mafundi wengi wanabana hapa pasipostahili. Sindano ni ya bei ndogo kuliko yadi moja ya kaki iliyoharibika.

Sasa ndipo urudi kwenye skrubu. Weka uzi mweupe juu na mweusi chini, ushone kipande cha kaki kilichokunjwa mara mbili. Vitone vyeusi vikionekana juu, uzi wa juu umekazwa mno. Legeza robo mzunguko, jaribu tena. Vitanzi vyeupe vikining'inia chini, kaza robo. Ukitoa kasha la bobini na kuliacha lining'inie kwa uzi wake, lisianguke lenyewe, bali lishuke kidogo unapolitikisa. Likianguka moja kwa moja, huenda vumbi la nyuzi limejaa chini ya kile kibati chake. Lifagie kwa kona ya karatasi ngumu kabla hujagusa skrubu yake ndogo.

Mkanda wa ngozi nao hulegea. Utajua pale gurudumu linapoteleza sindano ikifika kwenye tabaka nne za kiuno cha suruali. Ukate sentimita 1, toboa tundu jipya, uufunge tena kwa waya wake. Kwenye tabaka hizo nene zungusha gurudumu kwa mkono. Mafuta yawe ya cherehani, tone moja kila tundu, kisha shona kwenye kitambaa kikuukuu hadi yasitoke tena. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na baada ya miezi cherehani inakuwa nzito mpaka mtu anadhani imekufa.

Huku asubuhi ni baridi sana na mtoto wangu wa miaka minane anahitaji sweta la shule lenye shingo ya V. Nataka kulifuma mwenyewe. Uzi kiasi gani, vitanzi vingapi? Na nikiacha katikati ya mstari mtoto akiita, nikirudi sijui nilikuwa naelekea wapi.
*Mama Kabale*

Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, andaa gramu 300. Nunua wote siku moja, na mabunda yawe na namba moja ya rangi kwenye karatasi zake. Bluu ya leo na bluu ya mwezi ujao hazifanani ukizisimamisha juani. Kama mabunda hayana namba, fuma mistari miwili kwa bunda moja na miwili kwa jingine, tofauti itajificha. Tunapendekeza akriliki kwa shule. Inavumilia kufuliwa kila Jumamosi. Lakini pasi ya moto isiiguse: hulegea na hairudi tena.

Kabla ya sweta, fuma kipande cha majaribio. Anzisha vitanzi 34, fuma sentimita 15, kioshe, kikaushe kikiwa kimelazwa, halafu hesabu katikati yake, si pembeni. Hesabu zifuatazo zinataka vitanzi 22 na mistari 30 katika sentimita 10. Ukipata vitanzi 20 tu, sweta litazidi kwa karibu sentimita 7 kuzunguka kifua. Shuka hadi sindano za milimita 3.5 ujaribu tena. Ukipata 24, panda.

Mtoto wa kifua cha sentimita 66 anahitaji sweta la sentimita 72, ili shati lipate nafasi. Mbele ni sentimita 36, yaani vitanzi 79, ongeza viwili vya mshono: 81. Nyuma vivyo hivyo. Ukanda wa chini, moja nje moja ndani, ufume kwa sindano za milimita 3.25 hadi sentimita 5, kisha hamia sindano za 4, fuma sentimita 22 hadi kwapani na 18 nyingine hadi begani. Kwa shingo ya V, gawanya mbele katikati muda mfupi baada ya kuanza kwapa. Hapo ndipo idadi isiyogawanyika kwa mbili inasaidia: kitanzi cha katikati kipo, kiweke kwenye pini. Mkono unaanza na vitanzi 40. Baada ya ukanda wa sentimita 5, ongeza kimoja kila upande katika kila mstari wa sita, mara 13, upate 66.

Sweta zima ni zaidi ya vitanzi 30,000. Mfumaji wa kasi ya vitanzi 20 kwa dakika atatumia kama saa 25, yaani nusu saa kwa usiku 50. Muhula wa kwanza hapa Uganda kwa kawaida huanza Februari, basi sindano ziwe mkononi kufikia mwisho wa Novemba. Ukianza baada ya Krismasi, tafuta fundi wa mashine ya kufumia.

Kuhusu kupotea katikati ya mstari: uzi unaotoka kwenye bunda umeshikamana na kitanzi ulichomaliza mwisho. Sindano yenye uzi huo hushikwa mkono wa kulia, daima. Ukizibadilisha utarudi ulikotoka, na mistari miwili ya ziada itatokea upande mmoja, yenye kitundu kidogo mahali ulipogeukia. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye ukingo kila mstari wa 10, ili usihesabu tangu mwanzo. Kitanzi kikidondoka na kushuka kama ngazi, kikamate kwa sindano ya kroshia, ukipandishe ukivuta kila kijiti cha uzi kupitia ndani yake hadi juu. Ni kazi ya dakika mbili, usifumue.

Wapo wanaoshauri mikono yote miwili ifumwe sambamba kwenye sindano moja ili ilingane. Ushauri mzuri kwa nyumba yenye utulivu. Penye watoto wadogo, mabunda mawili sakafuni ni kujitafutia mafundo. Fuma mmoja, andika idadi ya mistari, fuma wa pili.

Naona masweta mazuri ya mitumba kule soko la Owino, Kampala. Naweza kuyafumua nipate uzi?
*Msomaji wa Bombo*

Baadhi. Ligeuze sweta ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa na kuzungushiwa uzi wa ovaloki (mashine ya kufungia kingo), liache: kila mstari umekatwa, utapata vipande vya urefu wa upana wa sweta tu. Ukiona kingo mbili nzima zilizounganishwa kama msuko, hilo linafumuka kwa uzi mrefu. Anzia juu, mahali lilipofungwa, baada ya kutenganisha mabega na mbavu. Sufu iliyowahi kufuliwa kwa maji ya moto ikagandana haifumuki. Vuta uzi mmoja dukani uone.

Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, funga kwa vipande vya uzi sehemu nne, osha kwa maji vuguvugu, tundika ukiwa na kitu chepesi chini ili ujinyooshe. Ukiufuma ukiwa bado umejikunja, vipimo vyote vitakudanganya. Kutambua aina, choma sentimita 5 juu ya sahani ya bati, watoto wakiwa mbali: sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika, akriliki huyeyuka ikaacha shanga nyeusi ngumu.

Kuna kwanjula ya mdogo wangu, sherehe ya kutambulisha mchumba nyumbani, na nataka kushona mwenyewe gomesi langu la kwanza, lile gauni refu la sherehe la Kiganda. Nimeshona sketi mbili tu.
*Dada, Luweero*

Usianze nalo. Gomesi linakula kama yadi 6, mara nyingi za kitambaa kinachoteleza, na mabega yale yaliyonyanyuka hayasamehi. Mpe fundi hili, wewe jifunze shingo ya mraba, kama ile ya gomesi, kwa blauzi ya pamba: kwenye kila kona fupisha mshono hadi milimita 1.5 kwa sentimita 2 kila upande, kisha kata kona hadi ubaki uzi mmoja kabla ya mshono. Ukiogopa kukata, kona itakunjamana. Ukipata kona mbili zilizolala sawa, jaribu satini kwa sindano namba 11.

Umeme ukikatika natumia pasi ya makaa, nayo inachafua kitambaa. Nisipige pasi mpaka mwisho?
*Mshonaji wa Busia*

Hapana. Mshono usiopigwa pasi kabla ya kuvukwa na mwingine hukaa umevimba, na pasi ya mwisho hairekebishi. Itoe pasi nje, ipulize majivu, ufute chini yake kwa kitambaa chenye maji, ujaribu kwenye kipande kikuukuu. Piga upande wa ndani, juu ya kitambaa kingine chenye unyevu. Usiku wa giza tupu, fungua mshono wa pamba kwa mgongo wa kijiko, ukikandamiza juu ya ubao. Polyester haikubali hilo, isubiri pasi.

Watoto wanakua haraka. Niache pindo kiasi gani? Na mpira wa kiuno wa kaptura zao unajisokota kila wiki.
*Mama wa pacha, Tororo*

Sketi ya shule, pindo la sentimita 8, suruali, 6. Lishone kwa mkono, kwa uzi mmoja, lifumuke bila kuchana. Ukilishusha baada ya mwaka mstari wa zamani utaonekana kwa sababu jua limefifisha nje. Ufunike kwa utepe mwembamba wa rangi ya sare, kama shule inaruhusu.

Mpira unajisokota kwa sababu njia yake ni pana mno. Njia izidi upana wa mpira kwa milimita 5 tu. Kata mpira mfupi kuliko kiuno kwa sentimita 5, ulaze ncha moja juu ya nyingine kwa sentimita 2, shona mraba. Baada ya kuuingiza, vuta kiuno chote mara kadhaa marinda yajigawe sawa, kisha shona wima, kupenya kitambaa na mpira, kwenye mishono ya mbavu na katikati ya nyuma. Uzi huo ukiwa wa rangi tofauti hapo nyuma, pacha wako nao watajua upande gani wa kuvaa.